Simu Mkononi, Fungu Majini: Kuchagua Ramani ya Bahari kwa Delta ya Rufiji

Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, ilijichimbia ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na kwa zaidi ya mwezi mzima Waingereza hawakujua iko wapi. Alfajiri ya tarehe 20 ilikuwa imeizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar. Mashine zake zilikuwa hoi, na kamanda wake, Max Looff, alihitaji maficho. Ramani za bahari walizokuwa nazo Waingereza zilikuwa za zamani, na kwa kuzitazama hizo hakuna aliyedhani kwamba meli ya ukubwa ule ingeweza kupenya milango ya delta. Wajerumani walikuwa na vipimo vipya. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imeipita pwani hiyo na bildi kabla ya vita, kwa hiyo Looff alijua wapi pana maji na wapi pana fungu.

Ilipogunduliwa mwishoni mwa Oktoba, kuifikia kukawa mtihani mwingine. Waingereza walikokota kutoka Malta meli mbili zinazoelea kwenye kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazil, zikafanye kazi mto Amazon. Kabla hazijaingia, mwindaji aitwaye P. J. Pretorius alipewa kazi ya kupima kina cha milango na kufuatilia saa za maji kujaa na kupwa. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya shambulio la pili, Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Zaidi ya miaka 100 imepita na swali lililowasumbua maofisa wale bado lipo: nani ana vipimo vya karibuni vya milango hii? Tofauti ni kwamba leo anayeuliza ni mwenye yoti ndogo ya matanga anayeshuka kutoka Dar es Salaam kwenda Mafia au Kilwa, au kijana wa Kibiti aliyerithi mashua ya baba yake na anayo simu janja mfukoni. Wote wawili wanaweza kupakua ramani ya Bahari ya Hindi nzima kwa dakika chache. Duka la programu limejaa majina: Navionics, C-MAP, OpenCPN, Savvy Navvy, Aqua Map na mengine. Yote yanaonyesha mstari wa buluu na mshale mdogo unaotembea. Yote yanapendeza ukiyatazama ukiwa sebuleni.

Ukifika delta, mengi yananyamaza.

Kibiti mjini iko nchi kavu, na mtu wa huko anayetaka kuvuka kwenda Mafia hushuka Nyamisati, bandari iliyojificha ndani ya mikoko upande wa kaskazini wa delta. Kutoka hapo hadi Kilindoni ni kama kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Ila hakuna chombo kinachokwenda kwa mstari ulionyooka. Kwanza ni mkono wa bahari wenye kona, kisha mafungu ya mchanga na tope, kisha mkondo wa Mafia wenye upepo wake. Kusini ya Nyamisati inafuatana milango ya Kikunya, Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mingine inayomwaga maji ya Rufiji baharini. Humo mna zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina hiyo Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhioevu za kimataifa za Mkataba wa Ramsar. Humo ndimo majahazi yalimopakia boriti kwa vizazi vingi, yakizipeleka hadi Omani na Ghuba.

Anayechagua programu kwa ajili ya maji haya aanze kwa kuelewa anachokinunua. Ramani za bahari za kielektroniki ziko za aina mbili. Moja ni picha ya ramani ya karatasi iliyopigwa na kuwekwa ndani ya simu: ukiikuza sana, maandishi yanakuwa makubwa na yanavurugika, na mtu anatambua mwenyewe kwamba amefika mwisho wa taarifa. Ya pili hujengwa kwa data, kila fungu, boya na mstari wa kina ukiwa na kumbukumbu yake. Hiyo ndiyo inayotumiwa na programu nyingi za sasa. Ni nyepesi, inasomeka vizuri, na hubadilika kadiri mtu anavyokuza au kupunguza. Hatari yake imo humo humo. Ukipunguza, programu huficha vitu vidogo ili skrini isijae. Ukikuza kupita kiasi, mistari inabaki myembamba na safi kana kwamba imepimwa jana, hata kama imechorwa kutokana na vipimo vya karne ya 19.

Ubaya wa kupunguza ulionekana Bahari ya Hindi hii hii usiku wa tarehe 29 Novemba 2014. Mashua ya mashindano ya Team Vestas Wind, iliyokuwa katika mbio za kuzunguka dunia kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, zaidi ya kilomita 400 kaskazini-mashariki ya Mauritius. Mabaharia wote 9 walinusurika. Walikuwa mabingwa, wenye vifaa ambavyo nahodha wa Nyamisati hajawahi kuviona. Uchunguzi ulionyesha kwamba walipoipitia njia yao kwenye ramani ya kielektroniki hawakuikuza vya kutosha. Kwa kipimo walichokuwa wakitazama, palionekana kina cha makumi ya mita. Mwamba wenyewe, wenye urefu wa makumi ya kilomita, ungejitokeza kama wangesogeza karibu zaidi.

Mwaka uliotangulia, tarehe 17 Januari 2013, meli ya kijeshi ya Marekani USS Guardian ilipanda mwamba wa Tubbataha huko Ufilipino. Safari hii kosa lilikuwa ndani ya ramani yenyewe: kipande kimoja cha ramani ya kidijitali kiliuweka mwamba huo karibu maili 8 za baharini mbali na ulipo. Uchunguzi haukuwaachia mabaharia, kwa sababu ramani nyingine na mnara wa taa vilikuwepo na havikulinganishwa. Meli ikakatwa vipande palepale.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza programu yoyote ni hili: je, inakuambia vipimo vyake vilitoka wapi na vina ubora gani? Ramani rasmi za kielektroniki zina madaraja yanayoanzia A1, ambapo kosa la mahali pa alama halitarajiwi kuzidi kama mita 5, na kushuka hadi B, C na D, na mwisho U, yaani eneo ambalo halijatathminiwa. Daraja C linaruhusu alama kuwa mita 500 mbali na mahali pake halisi, na kina kukosewa kwa mita 2 na asilimia 5 juu yake. Mtu asimame kidogo hapo afikirie Simba Uranga. Katika tawi jembamba la delta, kosa la mita 500 linatosha kuuhamishia mkondo mzima ndani ya mikoko. Na kosa la mita 2 kwenye maji ya mita 3 ndiyo tofauti ya kuelea na kukwama. OpenCPN, ikitumia ramani rasmi, huonyesha daraja hilo mtu akigusa sehemu na kuomba maelezo. Programu nyingine nyingi za simu huliweka mbali na macho au hulinyima kabisa mahali. Kwa delta, hiyo peke yake ni sababu ya kuiweka OpenCPN juu ya orodha.

Ramani rasmi za pwani ya Tanzania zimekuwa zikichapishwa na Ofisi ya Hidrografia ya Uingereza, na msingi wa upimaji wa pwani ya Afrika Mashariki uliwekwa na Kapteni William Owen akiwa na meli Leven na Barracouta kati ya mwaka 1822 na 1826, kazi iliyoua mabaharia wengi kwa homa. Tangu hapo bandari kubwa zimepimwa upya mara nyingi. Milango inayotumiwa na mashua za boriti na dagaa haikupewa uzito huo, kwa sababu hakuna meli kubwa inayolipa ushuru humo. Anayefungua Navionics akaona delta imechorwa kwa rangi moja isiyo na namba asidhani programu imeharibika. Imesema ukweli. Anayepaswa kuogopa ni yule anayeona namba nyingi nzuri asijue zilipimwa lini.

Navionics, kampuni iliyoanzia Italia mwaka 1984 na kununuliwa na Garmin mwaka 2017, ina sifa nyingine inayotajwa sana: hukusanya vipimo vya kina kutoka kwa watumiaji wenye vipima kina na kuvifanya mistari mipya. Mahali penye yoti elfu, jambo hilo ni neema. Palipo na mashua za matanga zisizo na kifaa hicho, hakuna wa kuchangia, na ramani inabaki ilivyokuwa. Kwa safari ya Dar, Zanzibar, Mafia, Kilwa hadi Mtwara, programu hiyo ni nyepesi na inatosha kwa kupanga njia. Kwa kuingia Kiomboni haitoshi.

Tena delta haitulii. Mafuriko ya miaka ya 1970 yaliyageuza maji mengi ya mto yakaelekea matawi ya kaskazini, na mashamba ya mpunga yakafuata maji. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa huko juu, na bwawa lolote hunasa mchanga na tope ambalo zamani lilishuka hadi baharini. Aprili 2024 mafuriko yalizimeza nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Mafia na kusini yake. Hakuna fungu linalobaki mahali pake baada ya misukosuko kama hiyo. Ramani ya mwaka juzi ni ya zamani.

Kwenye pengo hili ndipo setilaiti inapookoa, na kwa bahati nzuri bila malipo. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hupiga picha ya pwani yetu kila baada ya siku chache, na mtu yeyote anaweza kuzitazama kupitia tovuti ya Copernicus. Hupita juu yetu kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Sasa, kila mvuvi wa hapa anajua tabia ya bamvua: maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yakapwa kabisa kiasi cha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maana yake, picha iliyopigwa siku ya bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, inaikuta delta ikiwa imekauka karibu kabisa, mafungu yote yakiwa uchi na mkondo umebaki kamba ya maji katikati. Picha ya siku za maji mafu haina faida hiyo. Kwa hiyo mtu atafute kwanza tarehe za bamvua kwenye jedwali la maji, kisha atafute picha ya tarehe hizo isiyo na mawingu, jambo gumu wakati wa masika na rahisi zaidi kipindi cha kiangazi.

Picha hizo zikishageuzwa kuwa faili la MBTiles, OpenCPN huzionyesha chini ya mshale wa GPS hata pasipo mtandao. Zina mipaka yake. Kila nukta ni mita 10 kwa mita 10, hivyo kisiki, gogo lililozama au wando wa wavuvi hauonekani. Na maji ya Rufiji ni ya tope, kwa hiyo picha inaonyesha kilichojitokeza juu ya maji tu. Pia mtu asichanganye picha hizi na zile za kawaida zilizomo ndani ya programu za ramani, ambazo mara nyingi zimeungwa kutoka siku na miaka tofauti, upande mmoja maji yamejaa na upande wa pili yamepwa.

Hesabu ya maji ndiyo inayowakwaza wengi wanaojifunza kwenye skrini. Namba za kina kwenye ramani huhesabiwa kutoka kiwango cha chini kabisa cha kupwa, na namba iliyopigwa mstari chini yake inahusu fungu linalotoka nje ya maji. Tuseme mlangoni pana 0.8 yenye mstari, na jedwali linasema maji ya bamvua leo yatajaa mita 3.6. Juu ya fungu patakuwa na mita 2.8, na mashua inayozama mita 1.5 itapita kwa raha. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, kujaa kukiwa mita 2.4, juu ya fungu lile lile patabaki mita 1.6. Sentimita 10 chini ya mkuku, na wimbi dogo likiwepo, ni kugonga. Programu nzuri ina jedwali la maji ndani yake na hufanya kazi bila intaneti. Hata hivyo majedwali hayo mara nyingi ni ya Dar es Salaam au Zanzibar. Ndani ya matawi ya delta maji hufika yakiwa yamechelewa, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kuchelewa huko kunavyoongezeka. Mto ukiwa umefurika, mkondo wa kutoka unaweza kuushinda ule wa kuingia.

Yaliyobaki ni mambo ya kawaida lakini ndiyo yanayovunja safari. Ramani zote zipakuliwe Kibiti au Dar, kwenye mtandao wa uhakika, kisha simu iwekwe katika hali ya ndege na programu ifunguliwe ili kuhakikisha kwamba kweli ramani imo ndani. Bando likiisha katikati ya Simba Uranga hakuna wakala. GPS yenyewe haihitaji bando, lakini hula betri, na skrini inayowashwa kutwa nzima juani humaliza chaji kabla ya adhuhuri. Skrini ikilowa maji ya chumvi haisikii kidole. Mfuko wa plastiki usiopitisha maji na pawabanki mbili ni bei ndogo. Programu za kulipia kwa mwaka zisomwe masharti: malipo yakiisha, ramani inabaki au inafungwa? Anayelipa kwa dola kupitia kadi ya benki anahitaji kujua hilo kabla hajatoka. Kwa upepo, Windy ni maarufu na inasomeka kirahisi, lakini tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ndizo za kutii, kwa kuwa ndizo zinazotolewa kwa ajili ya bahari hii. Na dira ibaki mahali pake, karibu na usukani.

Kuhusu ramani za karatasi, Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingeacha kuzichapisha ifikapo mwisho wa 2026, kisha ikasogeza mbele hadi angalau 2030. Anayeweza kupata ramani ya karatasi ya pwani kati ya Dar na Kilwa ainunue sasa.

Uamuzi, basi, kwa mtu mwenye simu moja na fedha za kununua kitu kimoja: kwa safari ya bahari wazi achukue Navionics, na kwa kazi yoyote ndani ya delta aweke OpenCPN, ambayo kwenye kompyuta haina malipo, pamoja na picha za Sentinel-2 za siku za bamvua. Mwenye uwezo awe nazo zote mbili na azilinganishe, kama mabaharia wa Guardian walivyopaswa kulinganisha. Na juu ya zote amchukue rubani wa hapo hapo. Manahodha wa Nyamisati, Salale na Mbwera wanajua fungu lilihama lini, wando umewekwa wapi msimu huu, na kwenye mkondo gani mtu abaki upande wa mikoko mirefu kwa sababu ndiko kuliko na kina. Maarifa hayo yanaokoa vyombo na yanastahili kulipwa kama kazi nyingine yoyote ya kitaalamu.

Maarifa hayo pia yanaweza kuingia kwenye ramani, na hapa ndipo makundi yanayohusika yanapoombwa kusogea. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam wakachora mitaa yao inayofurika, barabara kwa barabara, kwenye ramani huria ya dunia. Delta inahitaji jambo kama hilo juu ya maji. Shirika la Kimataifa la Hidrografia tayari linapokea vipimo vya kina kutoka kwa vyombo vya kawaida na kuvihifadhi kwenye kituo chake cha data kinachosimamiwa na taasisi ya Marekani ya NOAA, na mradi wa Seabed 2030 ulitangaza mwaka 2025 kwamba ni asilimia 27 tu ya sakafu ya bahari duniani iliyokwisha kupimwa kwa viwango vya kisasa. Kipima kina kidogo kikifungwa kwenye boti chache zinazopita Nyamisati kila siku, na simu ikarekodi njia na saa, baada ya bamvua chache kutakuwa na mstari wa kina ambao haujawahi kuwepo tangu siku za Möwe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), Halmashauri ya Kibiti na vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali (BMU) vya delta vina vyombo, vina watu na vina sababu. Waanze na mlango mmoja, wa Nyamisati, kabla masika yajayo hayajauhamisha.